Chama cha wahudumu wa afya kikisikika siku ya mgomo na siku ya kibao tu, wananchi watakiaminije?

MkungaWaZamu (mleta mada):

Habari za usiku wakuu. Uzi ni mrefu, nimeuandika kwa siku tatu kati ya zamu na zamu. Naomba mnivumilie.

Huu ni mwaka wangu wa 19 leba. Nimo kwenye vyama viwili vya taaluma, ada nalipa, mikutano nahudhuria. Sitavitaja, na hospitali sitaitaja, kwa sababu ninachotaka kusema kinawahusu wengi.

Miaka michache iliyopita, hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, tulipokea mama kwa rufaa kutoka zahanati. Aliingia saa tatu usiku, akajifungua saa saba, mtoto analia vizuri. Baada ya muda mfupi damu ikaanza kumtoka. Walio kwenye ukunga wanajua usiku wa namna hiyo ulivyo. Tulikuwa watatu. Mmoja anakanda mji wa mimba, mmoja anafungua dripu ya pili, mmoja anakimbia maabara. Chupa mbili za damu za kundi lake zilikuwepo, zikaisha. Ya tatu ilipopatikana alikuwa ameshatutoka.

Mume na mama mkwe walikuwa kwenye benchi nje. Tangu saa saba hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri hakuna mtu aliyetoka kuwaambia neno. Si kwamba tuliwadharau, mikono yote ilikuwa kwa mama. Lakini wao walichokiona ni watu wenye makoti wanapita mbio mbele yao bila kuwatazama, kwa saa nne na nusu. Na aliyewapa habari alikuwa mlinzi wa getini. Aliwaambia waingie wakatambue mwili.

Shemeji wa marehemu akampiga kibao mwenzangu. Mtu akarekodi. Kufikia saa tano asubuhi video ilikuwa kila mahali.

Jioni chama kikatoa tamko. Kurasa mbili, nembo juu, muhuri chini, kwa Kiingereza. Kinalaani vikali kushambuliwa kwa mtumishi akiwa kazini, kinataka vyombo vya dola vichukue hatua, kinawakumbusha wananchi kufuata taratibu. Nililisoma mara tatu nikimtafuta yule mama. Hayumo. Hakuna hata neno pole. Mtu mzima amekufa, ameacha kichanga cha saa nne, na barua ya watu wenye kazi ya kuokoa uhai haikumwona.

Sisemi kibao kilikuwa halali. Mwenzangu yule mpaka leo akipangiwa usiku anaumwa tumbo. Ninachosema ni kwamba kijijini kwa marehemu mtu aliwatafsiria lile tamko, mstari kwa mstari, msibani. Miezi iliyofuata tuliwaona wa kata ile wanapungua kwenye daftari la leba. Wakija, wanakuja wamechelewa, wameshatapatapa nyumbani.

Wananchi wanatusikia siku mbili. Siku tunagoma na siku tumepigwa. Mwaka 2012 madaktari walipogoma, Januari na tena Juni, kwenye madai yao mlikuwa na vifaa na mazingira ya wagonjwa. Nendeni mtaani leo mkaulize waligomea nini, mtajibiwa: mishahara. Machi ile Rais Kikwete aliwaita wazee wa Dar es Salaam akaongea nao kwa Kiswahili, taratibu, redio zote zikichukua moja kwa moja. Sisi tulikuwa na matamko. Nani alieleweka na bibi yangu kule Misungwi?

Na tuna habari njema ambazo hatuzisemi. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya wajawazito na wazazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Hiyo ni kazi ya watu ninaowajua, ya mikono niliyoiona. Lakini mwambie mama sokoni kwamba leba ni salama kuliko miaka kumi iliyopita, atakutajia yule dada wa kata ya jirani. Yule dada ana jina, ana kaburi. Sisi tumeleta asilimia.

Chama kimoja nitakitaja kwa wema. MEWATA, chama cha madaktari wanawake. Kuanzia 2005 walitoka kwenda kuwapima wanawake saratani ya matiti bure, Dar kisha mikoani, wanawake wakajipanga foleni kwa maelfu. Shangazi yangu hajui nembo ya MEWATA ikoje. Anajua kwamba daktari mwanamke alimfundisha kujigusa titi mwenyewe na hakumkaripia. Daktari wa MEWATA akisema jambo redioni, shangazi anaongeza sauti.

Swali langu kwenu, hasa mlio ndani ya vyama na mliofiwa: mnataka chama kiseme nini, lini, kwa lugha gani, na kwa mdomo wa nani?

---

DaktariKijana:

Dada, heshima yako. Nimesoma yote na nakubali karibu nusu.

Nusu nyingine inanikaba. Mimi ni daktari wa mwaka wa kwanza baada ya mafunzo kwa vitendo. Nimeshikwa kola mara mbili. Mtu akinipiga natarajia chama changu kiseme kwanza kuhusu mimi, kwa sababu hakuna mwingine atakayesema. Na kuna jambo la sheria. Siri ya mgonjwa haifi mgonjwa akifa. Chama kikitoka kueleza kilichotokea, kimevunja siri. Kikisema samahani, wakili wa familia anaibeba barua ile mahakamani kama ushahidi. Wazee wetu hawakunyamaza kwa ukatili, walishauriwa wanyamaze.

---

Mzee wa Unga Limited:

Wanangu, nawasalimu. Nina kisa kimoja tu.

Mwaka 2011 nilimpeleka mama yangu Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Mwasapile, yule tuliyemwita Babu, aliyegawa kikombe cha dawa ya miti akisema kinaponya magonjwa sugu. Mliokuwa watoto hamjui ilivyokuwa. Magari yalisimama mfululizo kilomita na kilomita, watu wanalala chini ya lori, hadi mwisho wa Machi Babu mwenyewe akaomba watu wasije kwanza foleni ipungue. Kikombe kilikuwa shilingi 500, kwa tajiri na kwa maskini. Mawaziri walikunywa, sisi tukanywa.

Mama alikuwa na kisukari. Miaka sita alikuwa anahudhuria kliniki na hakuna siku aliyoniambia daktari amemwambia nini. Aliniambia amepewa vidonge, basi. Kule Samunge mzee alitutazama usoni.

Siku ya tatu tukiwa kwenye foleni alipita mama mmoja gari kwa gari. Muuguzi, kaja na mdogo wake mgonjwa, kavaa kanga, amejaa vumbi kama sisi. Hakumtukana Babu. Alisema: mkinywa kikombe kunyweni, lakini wa sukari, wa presha na wa dawa za VVU msiache vidonge vyenu, rudini kliniki mkapimwe, vipimo ndivyo vitasema. Mama alimsikiliza. Tuliporudi Arusha akaendelea na vidonge. Aliishi miaka mingine tisa.

Nilikuwa nasikia redioni wataalamu wakisema dawa bado inachunguzwa. Sauti za Dar es Salaam, na sisi tuko porini. Yule muuguzi alikuwa mmoja. Wangekuwa mia, wametumwa na chama chao, foleni nzima ingesikia.

---

Nyuki_wa_Tabora:

Naomba kuuliza kabla mjadala haujaenda mbali. Mimi raia nikikosewa hospitalini nakwenda kwenye chama au wapi? Kaka yangu alikwenda kwenye ofisi ya chama wakamwambia hawahusiki. Akaondoka akiamini wanalindana.

---

FamasiaMstaafu:

Nyuki, swali lako ndilo lingepaswa kuwa la kwanza kujibiwa na kila chama, kwenye bango, mlangoni pa kila zahanati.

Chama ni umoja wa wanataaluma, wanajiunga kwa hiari. Hakina mamlaka ya kumfutia mtu leseni. Mamlaka iko kwenye baraza. Daktari analalamikiwa Baraza la Madaktari Tanganyika, lipo chini ya sheria ya 2017. Muuguzi au mkunga ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, sheria ya 2010. Mfamasia na duka la dawa ni Baraza la Famasi. Baraza linapokea malalamiko ya mwananchi, linachunguza, linaweza kuonya, kusimamisha, hata kufuta usajili. Chama cha wafanyakazi kinachodai mishahara ni kitu cha tatu tena.

Kwa hiyo kaka yako alijibiwa sahihi na akatendewa vibaya kwa pamoja. Kumwambia mtu "hatuhusiki" bila kumwandikia kwenye karatasi aende wapi, achukue nini mkononi na apige simu ipi, ni kumfukuza. Karatasi moja tu hiyo ingeokoa heshima kubwa.

Nilikuwa Ruvuma yalipoanza maduka ya dawa muhimu, 2003. Watu waliyaamini baada ya kuelezwa kwenye mikutano ya vijiji alama ya duka ikoje, muuzaji amesomea nini, na dawa zipi haruhusiwi kuuza. Hiyo ya mwisho ndiyo ilinishangaza. Ukimwambia mtu mipaka yako, anakaa kitako akusikilize.

---

WanjaWaNakuru:

Hamjambo majirani. Huku Kenya tumepitia haya, na somo letu lina pande mbili.

Mgomo wa madaktari wa umma ulianza tarehe 5 Desemba 2016 ukaisha 14 Machi 2017, siku 100. Walidai utekelezaji wa mkataba uliotiwa sahihi 2013. Chama chao kilijua kuongea mitandaoni. Kaulimbiu yao, #LipaKamaTender, ilienea kotekote, na viongozi walipofungwa Februari watu wengi wa mjini walikuwa upande wao. Lakini dada yangu alikuwa amebeba mimba Olenguruone na hakuwa na bando. Kwake mgomo ulikuwa ni mlango uliofungwa. Hakuna aliyepita na redio ya Kikalenjin kumwambia ni hospitali gani ya misheni iko wazi na atafikaje.

Upande wa pili unaniuma zaidi. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walisema chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake wa umri wa kuzaa imetiwa homoni ya kuzuia mimba. Madaktari wa chama cha Kikatoliki wakawaunga mkono. Wizara, WHO na UNICEF wakasema chanjo ni salama. Fikiria wewe ni mama umeketi kanisani. Daktari huyu anasema hivi, daktari yule anasema vile, wote wana stethoskopu. Mama yangu hakusoma taarifa ya WHO. Alimsikia padre, na padre ndiye aliyemzika baba. Mpaka leo akisikia chanjo ya wasichana anauliza "ile ya wakati ule?"

Madaktari wengine wa Nakuru walijua ukweli, wengine ni waumini wa parokia ileile. Hawakuomba dakika tano baada ya misa. Ningependa kujua kwa nini.

---

KivuNdiyoKwetu:

Jambo yenu wote. Mimi ni wa Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa sasa niko Kampala. Mtanisamehe Kiswahili changu.

Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Dawa za kujaribu zilikuwepo, chanjo ilikuwepo, pesa zilikuwepo nyingi sana. Imani haikuwepo.

Magari ya Riposte, ndiyo timu za kupambana na Ebola, yalikuja mapya, mengi, na watu tusiowajua. Vipeperushi kwa Kifaransa, vingine kwa Kiswahili cha vitabu. Mama yangu anaongea Kinande na Kiswahili cha sokoni, maneno mengine hakuyaelewa, mengine yalimtisha. Miaka yote watu wanauawa Beni kwa mapanga na hakuna gari lililokuja hivyo. Akauliza: kwa nini ugonjwa huu tu ndio unawaleta? Hakuna aliyemjibu hilo, kila mtu alimwambia anawe mikono.

Halafu Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikasema Beni na Butembo hatutapiga kura na wenzetu, sababu Ebola na usalama. Makanisa yalikuwa wazi, masoko wazi. Siku hizo watu wakavamia kituo cha afya Beni. Toka hapo, kila aliyevaa koti jeupe alionekana amekuja kwa siasa. Tarehe 19 Aprili 2019 wakamuua Dokta Richard Mouzoko, Mkameruni, ndani ya hospitali mjini kwetu. Nililia siku ile, na nilikuwa simjui.

Kilichosaidia? Nitasema nilichokiona. Vyumba vya plastiki ya kuonekana ndani, familia inasimama nje inamwona mgonjwa wake, anapunga mkono. Kabla ya hapo mtu aliingia kwenye hema na akatoka kwenye mfuko. Na waliopona wakapewa kazi ya kulea watoto wagonjwa, maana wao hawaogopi kumshika mtoto. Mama wa Mabalako akikuambia "mimi nililala kitanda hiki, nikatoka", unamwamini. Wauguzi wetu wa hapo hapo, wanaojulikana mtaa, walikuwepo tangu siku ya kwanza. Waliulizwa mwishoni.

---

MkungaWaZamu:

Ndugu wa Butembo, asante sana. Hizo saa nne za benchi nje ya leba, nimezielewa upya nikikusoma. Nasi tulikuwa na hema.

DaktariKijana, mdogo wangu, nakujibu bila kukwepa. Chama kikutetee, tena kwa sauti. Ila utetezi wako utasikika vizuri zaidi ukitanguliwa na pole. Mtu aliyefiwa akiona umeanza na marehemu wake, anakuruhusu useme la pili. Ukianza na kibao, amefunga masikio.

Kuhusu sheria, kumpa mtu pole kwa kufiwa siyo kukiri kosa, hata majirani wanapeana. Na siri ya mgonjwa inalindwa kwa kutosema alikuwa na nini. Haikatazi kusema: kuna mama amefariki, kifo cha mzazi kinapitiwa kwenye kikao maalumu cha kuchunguza vifo vya uzazi, familia itaelezwa. Wananchi wangapi wanajua kikao hicho kipo? Kipo. Tunakaa, tunajichambua, wengine tunalia mle ndani. Nje tunaonekana tumezika na kusahau.

---

Mwalimu_Biharamulo:

Naongeza la Kagera, maana tumepata Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, mara mbili.

Mwaka 2023, Bukoba Vijijini, Waziri Ummy Mwalimu alisimama tarehe 21 Machi akautaja ugonjwa kwa jina. Waliougua walifika tisa, sita wakafariki, na tarehe 2 Juni ikatangazwa umeisha. Tuliogopa, ila tulijua tunaogopa nini.

Januari 2025, kwetu Biharamulo, ilikuwa vingine. Tarehe 14 WHO wakasema kuna wanaoshukiwa. Kesho yake wizara ikasema vipimo havijaonyesha Marburg. Tarehe 20 Rais Samia, akiwa na Dk. Tedros, mkuu wa WHO, pale Dodoma, akathibitisha mgonjwa mmoja amekutwa nao. Nawaelewa wanaosema vipimo vina hatua zake, jibu la leo linaweza kubadilika kesho. Basi lisemwe hivyo. "Sampuli hizi hazijaonyesha, nyingine zinaendelea kupimwa, wakati huo msiguse maiti kwa mikono mitupu." Mimi ni mwalimu wa sekondari, siku zile wazazi walikuja kuniuliza mimi. Kwa siku tano nilikuwa naulizwa nisichokijua. Sikusikia chama chochote cha wataalamu kikija hata kwenye redio yetu ya hapa kusema tahadhari zipi hazidhuru kuchukuliwa hata kama ugonjwa haupo.

---

DaktariKijana:

Dada, nimesoma jibu lako mara mbili. Sijabadilika kwenye sheria, bado nataka mwanasheria wa chama akae mezani. Ila nakubali mpangilio: marehemu kwanza. Na nakubali Kiswahili. Nimeangalia matamko matano ya mwisho ya chama changu, manne ni ya Kiingereza. Yanawaandikia wizara na wafadhili. Mgonjwa wangu hasomi hata mstari mmoja.

Na huku tukinyamaza, kuna watu mitandaoni wanajiita madokta wanauza unga wa kusafisha kizazi kwa 85,000. Wanaongea kila siku, kwa Kiswahili kizuri, wanajibu kila swali saa sita usiku. Binti akiwa na uvimbe kwenye kizazi anawapigia wao.

---

MkungaWaZamu:

Wakuu, nimerudi. Jumamosi tuna mkutano wa tawi na katibu amekubali kuingiza ajenda. Nitapendekeza kila tawi liwe na mtu mmoja aliyefundishwa kuongea na familia na redio, apigiwe simu usiku uleule, asiwe kati ya waliokuwa wakihudumia. Na leba iwe na mtu wa kutoka nje kila nusu saa hata kama hana jipya, aseme tu "bado tunapambana". Hili la pili halihitaji bajeti, nimeanza nalo zamu zangu. Wiki iliyopita nilimtuma mwanafunzi.

Nimeandika pia tamko lile upya, kama lingetakiwa kutoka jioni ile. Naliweka hapa mlikosoe:

*"Usiku wa kuamkia leo mama mmoja amefariki baada ya kujifungua katika hospitali tunayoihudumia. Mtoto wake yuko hai. Tunatoa pole kwa mume, wazazi na ndugu. Walikaa nje saa nyingi bila kuelezwa kinachoendelea. Haikupaswa kuwa hivyo. Kifo hiki kitachunguzwa, na familia itaitwa kuelezwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Wakitaka kulalamika, tutawaelekeza barazani na kuwasaidia kuandika. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia usiku kucha alipigwa asubuhi. Naye yuko kwenye matibabu. Tunaomba asiwepo mwingine wa kupigwa. Tutazungumza tena keshokutwa saa nne asubuhi, redioni, na tutajibu maswali."*

---

Nyuki_wa_Tabora:

Nimelisoma nikamkumbuka marehemu dada yetu. Jambo moja tu. "Mama mmoja" ni nani? Kamuombeni mume ruhusa. Akikubali, mtajeni jina.

---

MkungaWaZamu:

Namba ya yule mume ninayo, aliniachia siku alipokuja kuchukua kadi ya kliniki ya mtoto. Sijawahi kupiga. Nampigia kesho kabla ya mkutano.